Jogoo wa bluu, matetea wa bluu, mbona vifaranga weusi?

"Nimenunua kuku watano wa bluu wa aina ya Cochin, jogoo mmoja na matetea wanne, kwa bei iliyoniuma. Wana banda lao peke yao, ila jirani ana jogoo kishingo wa kienyeji anayeruka ua. Mayai ya kwanza nimeweka kwenye mashine, wakatoka vifaranga 26: weusi 8, wa kijivu 11, na 7 weupeweupe wenye vidoa vya majivu. Aliyeniuzia anaapa kuku wake ni safi. Mwenzangu mmoja ananiambia rangi hutoka kwa jogoo, nibadilishe jogoo. Mwingine anasema matetea walishapandwa na jogoo mweusi huko walikotoka na damu yake haiwaishi mwilini. Wa tatu analaumu chakula. Nikajaribu kurekebisha mwenyewe: matetea wawili nikawapandisha na jogoo mweupe wa Silkie, nikidhani nitapata bluu iliyoiva. Wametoka vifaranga 9, weusi watano na wa kijivu wanne, mweupe hata mmoja hakuna, na manyoya yao ni ya kawaida tu, si ya hariri kama ya baba yao. Nifanye nini nipate bluu watupu? Na hawa weusi na wa madoa niwachinje?"

Usichinje hata mmoja. Hao weusi na hao wa madoa ndio watakaokupa bluu watupu, na hapo chini nitakueleza jinsi. Lakini kwanza tumtendee haki aliyekuuzia. Kwa hesabu uliyoniandikia, hakukudanganya. Kuku wawili wa bluu wakipandana, robo ya watoto hutoka weusi, nusu hutoka bluu, yaani hao unaowaita wa kijivu, na robo hutoka wa madoa. Kwa vifaranga 26 tungetarajia weusi sita au saba, bluu 13, na wa madoa sita au saba. Wewe umepata 8, 11 na 7. Huwezi kuomba ushahidi mzuri zaidi ya huo kwamba wazazi wote ni bluu wa kweli. Kama wote 26 wangetoka kijivu, hapo ndipo ningekushauri umuulize muuzaji amekupa kuku gani hasa.

Sababu yenyewe iko ndani ya unyoya. Okota unyoya mmoja wa jogoo wako ulioanguka, uushike kwenye jua. Hutaona rangi ya bluu humo, kwa sababu haimo. Kuku ana rangi mbili tu za kupakia manyoya yake: melanini nyeusi na melanini nyekundu. Rangi zote unazoziona kwa kuku, kuanzia dhahabu ya shingo hadi kahawia ya kware, zinatokana na hizo mbili, zikiwa zimekolezwa, zimepunguzwa, zimepangwa kwa michirizi au zimezuiwa zisitoke kabisa. Bluu ni nyeusi iliyopunguzwa. Chembe za melanini nyeusi zimo, ila zimekaa kwa namna inayoacha mwanga mwingi upite, kama wino uliotiwa maji, na jicho lako linasoma rangi ya jiwe la slate.

Kinachopunguza ni jeni moja. Kila kifaranga hupokea nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama, na kila nakala ama ni ya kupunguza ama ni ya kawaida. Zihesabu kama dozi. Kuku mwenye msingi mweusi asiye na dozi yoyote ni mweusi. Mwenye dozi moja ni bluu. Mwenye dozi mbili amepunguzwa mno hadi anakaribia weupe, na nyeusi iliyobaki inajitokeza kama matone ya majivu yaliyomwagika ovyo mgongoni na mabawani. Huyo ndiye wa madoa. Kwa hiyo kila bluu ana nakala moja ya kupunguza na moja ya kawaida, siku zote. Akizaa, ni kama anarusha sarafu: nusu ya watoto wake anawapa dozi, nusu hawapi. Mama naye anarusha ya kwake. Mara moja kati ya nne zote mbili zinatua upande wa dozi, mara moja kati ya nne hakuna inayotua huko, na nusu iliyobaki ni moja tu inayotua huko.

Ndiyo maana hakuna ukoo wa bluu uliosafishwa kiasi kwamba unazaa bluu peke yake, hata ukichagua kwa miaka hamsini. Wafugaji wa kuku wa bluu wa Andalusia huko Ulaya walikuwa wakiwatupa weusi na wa madoa kila mwaka wakiamini ni uchafu wa damu utakaokwisha. Haukwisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi William Bateson na Reginald Punnett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwapandisha hao hao waliokuwa wakitupwa, mweusi kwa wa madoa, wakapata bluu watupu. Mpaka leo kuku wa Andalusia ni mfano unaotumika madarasani kufundisha urithi wa aina hii.

Sasa uangalie vizuri vifaranga wako, kwa sababu hapa wengi huandika daftari vibaya. Kifaranga mweusi wa siku moja si mweusi wote: tumbo, koo na ncha za mabawa huwa nyeupe au njano hafifu, na mgeni humwandika "mweusi na mweupe" akidhani ni chotara. Weupe huo huondoka anapoota manyoya ya kweli. Kifaranga bluu ana mgongo wa kijivu cha moshi na tumbo jeupe. Wa madoa huzaliwa wa fedha hafifu au njano iliyofifia, bila doa lolote, na madoa huanza kuonekana manyoya ya mabawa yakichomoza. Kwa kuwa wako saba tayari wana vidoa, najua umewaangalia wakiwa na wiki kadhaa, na hesabu yako naiamini.

Tuje kwa washauri wako watatu. Kwamba rangi hutoka kwa jogoo: kwa bluu si kweli hata kidogo. Nakala ya jogoo na ya tetea zina uzito sawa, na ukigeuza nani baba nani mama matokeo hayabadiliki. Naelewa dhana hiyo imetoka wapi. Zipo rangi zinazosafiri kwenye kromosomu ya jinsia, yaani uzi unaobeba jeni na kuamua jike au dume, na kwa kuku jogoo ana kromosomu Z mbili ilhali tetea ana Z moja na W moja. Tetea humpa Z yake mtoto wa kiume tu. Ukimpandisha jogoo wa dhahabu, kama Rhode Island Red, na tetea wa fedha, kama Light Sussex, vifaranga wa kike watatoka wa dhahabu kama baba na wa kiume watatoka wa fedha kama mama, na unawatenganisha jinsia siku ile ile. Milia ya Plymouth Rock nayo hupita njia hiyo. Hata hapo, ukitazama vizuri, mama ndiye aliyewapa wanawe wa kiume rangi yao.

Kwamba damu ya jogoo wa zamani haiishi: kinachobaki ni mbegu, na mbegu zina mwisho wake. Tetea ana vijifuko vidogo kwenye mrija wa mayai anamohifadhi mbegu, ndiyo maana anaendelea kutaga mayai yenye uhai siku nyingi baada ya jogoo kuondolewa. Kwa kawaida ni wiki mbili, mara nyingine tatu. Ukitaka uhakika, mtenge wiki nne kabla ya kuanza kukusanya mayai ya ukoo mpya. Baada ya hapo jogoo wa zamani hana chake katika yai lolote.

Chakula kinaweza kuharibu rangi ya unyoya, ila hakiwezi kubadili kile ambacho kuku atarithisha. Ukosefu wa protini, hasa lisini, au upungufu wa shaba na chuma wakati manyoya yanaota, hufanya kuku wa rangi aote manyoya yaliyofifia au yenye kipande cheupe. Jua kali nalo huchakaza bluu ikawa na kutu ya kahawia mabegani. Manyoya yakibadilishwa, akiwa na chakula kizuri na kivuli, rangi hurudi. Vifaranga wenye umri mmoja, waliokula bakuli moja, kugawanyika makundi matatu yaliyo wazi namna hiyo si kazi ya chakula.

Naye jirani na kishingo wake? Hapo una bahati. Shingo tupu ni sifa inayoshinda: ukiwa na nakala moja tu, inaonekana. Jogoo kishingo angewapanda matetea wako, angalau nusu ya vifaranga wake wangezaliwa na shingo isiyo na vinyoya, na ungewajua kabla hawajakauka kwenye mashine. Huu ni mtihani mzuri wa jumla wa kumkamata jogoo mwizi. Kifaranga akionyesha sifa inayoshinda ambayo wazazi wote wawili hawana, kama shingo tupu, kuna mzazi wa tatu. Kifaranga akionyesha sifa ambayo kwa kawaida hujificha, kama weupe wa Silkie, usimtuhumu mtu. Huenda wazazi wote wawili walikuwa nayo bila wewe kujua.

Basi mpango. Njia ya bluu watupu ni mweusi kwa wa madoa. Mweusi hana dozi ya kutoa, wa madoa hana nakala nyingine ila ya dozi, kwa hiyo kila kifaranga anapata dozi moja kamili. Asilimia 100 bluu, yeyote awe baba. Tatizo lako ni kwamba weusi wako 8 na wa madoa wako 7 wana baba mmoja, na wengine watakuwa na mama mmoja. Ukiwapandisha wao kwa wao utapata bluu watupu, lakini pia utaanza kuona mayai yanayokufa ndani ya ganda na vifaranga wanaokua polepole. Mara moja inavumilika. Nisingejenga banda langu juu yake. Ninachokushauri ni utafute jogoo mmoja mweusi wa Cochin kutoka ukoo mwingine kabisa, mwenye umbo zuri na weusi unaong'aa kijani juani. Mweke na matetea wa madoa utakaowachagua kati ya hawa saba, wakishafikisha umri wa kutaga. Ununuzi huo mmoja unakutatulia rangi na undugu kwa pamoja.

Jogoo huyo huyo unaweza kumpa pia matetea wako wa zamani wa bluu. Hapo utapata nusu bluu na nusu weusi, bila wa madoa. Watu hudharau mpandisho huu kwa sababu hautoi bluu wote, lakini mimi ndio ninaouthamini zaidi kwa ubora. Bluu kwa bluu mfululizo, kizazi baada ya kizazi, rangi huelekea kufifia na ule ukingo mweusi unaozunguka kila unyoya wa kifuani hupotea. Mweusi mzuri huurudisha. Tena kwa wa madoa huwezi kuona kama ana ukingo huo au la, kwa kuwa kila kitu kimefutika. Unampandisha ukiwa kama umefumba macho. Nikiwa na nafasi ya vibanda viwili, kimoja kingekuwa cha mweusi kwa wa madoa, kwa ajili ya vifaranga wa kuuza, na kingine mweusi kwa bluu, kwa ajili ya kuchagua wazazi wa kesho.

Usiongeze kuku mwekundu kwa matumaini ya kupata bluu yenye joto. Jeni ya kupunguza hugusa nyeusi, nyekundu haiigusi kwa kiasi cha kuonekana. Dhahabu itaanza kuvuja kwenye shingo za majogoo wako kwa vizazi kadhaa.

Kwa Silkie umeshikwa na kitu tofauti kabisa. Weupe wa Silkie ni kama shuka lililotandikwa juu ya kitanda: chini yake kuna rangi kamili, nyeusi au nyingine, ila kuku anakosa uwezo wa kuipaka kwenye manyoya. Shuka hilo linahitaji nakala mbili. Watoto wake kwa Cochin wamepata moja tu, kwa hiyo shuka limeondoka na rangi ya chini imejitokeza. Watano weusi na wanne kijivu inanionyesha kwamba dozi zilitoka kwa mama, na huenda baba hana dozi chini ya weupe wake. Manyoya ya hariri nayo yanahitaji nakala mbili, ndiyo sababu wote wana manyoya ya kawaida. Lakini watazame miguu: wengi watakuwa na kidole cha tano, ambacho hushinda kwa nakala moja, na vifaranga wa kike watakuwa na ngozi nyeusi zaidi kuliko wa kiume, kwa sababu Cochin wa ngozi ya njano humpa mwanawe wa kiume kile kizuizi cha weusi kilicho kwenye Z yake.

Ukiwapandisha chotara hawa wao kwa wao, mmoja kati ya wanne atakuwa mweupe, mmoja kati ya wanne atakuwa wa hariri, na aliye vyote viwili ni mmoja kati ya 16. Ni safari ndefu isiyokupeleka kwenye Cochin bluu. Wauze kama chotara, umweleze mnunuzi wazi, kwa sababu kila mmoja wao amebeba weupe na hariri zilizojificha na hutaki zirudi kwenye banda lako baada ya miaka mitatu kupitia mlango wa jirani.

Ukinunua jogoo mweusi, nawe unaweza kumpima kama amebeba weupe uliojificha. Mpandishe na tetea mweupe wa Silkie. Akiwa amebeba, kila kifaranga ana nafasi nusu ya kuwa mweupe. Ukipata vifaranga watano wote wa rangi, uwezekano wa kuwa bado anakuficha ni mmoja kwa 32. Ukifika saba, ni mmoja kwa 128, na hapo nisingehangaika tena. Usitoe hukumu kwa vifaranga wachache. Hata kwa bluu kwa bluu, kwenye vifaranga wanne tu, mara moja kati ya 16 hutapata bluu hata mmoja.

Mambo mawili ya kuchunga unaponunua. La kwanza ni lavenda. Ni kijivu pia, lakini ni jeni nyingine inayojificha: kuku wa lavenda kwa lavenda huzaa lavenda watupu, ilhali lavenda kwa mweusi huzaa weusi watupu. Rangi yake ni nyepesi na sawasawa mwili mzima, bila ukingo mweusi, na majogoo hawana shingo iliyokoza kama ya bluu. Ukichanganya ukoo wa lavenda na wa bluu utakaa miaka ukishindwa kujua nani ni nani. Chagua moja. La pili ni Cochin wa manyoya yaliyojikunja. Hesabu yake ni ile ile ya bluu: dozi moja inampa kuku mkunjo mzuri. Dozi mbili huleta mateso: manyoya membamba yanayokatika, kuku anabaki karibu uchi, anapigwa na baridi na jua. Usimpandishe aliyejikunja na aliyejikunja mwenzake. Mpe mwenza wa manyoya laini, utapata nusu kwa nusu bila kumuumiza kuku.

Yote haya yanategemea kumbukumbu. Andika kila yai kwa penseli, namba ya banda na tarehe, upande butu. Usitumie kalamu ya wino mzito. Usiweke mayai zaidi ya siku saba kabla ya kuyaingiza kwenye mashine, yakae mahali pa baridi kiasi, nyuzi 15 hadi 18. Siku ya 18 unapoacha kuyageuza, tenganisha mayai ya kila banda kwenye vikapu vya wavu vyenye mfuniko, maana vifaranga wakishachanganyika kwenye trei hakuna atakayekuambia mama ni nani. Wafunge pete za rangi kabla hawajatoka kwenye kikapu. Cochin ana manyoya miguuni, pete hupotea humo. Ipapase kwa kidole kila wiki na uibadilishe kabla haijabana, kwani mguu wa kifaranga hunenepa haraka na pete ya plastiki inaweza kukata nyama.

Rangi yenyewe haihitaji daktari. Mwite afisa mifugo au daktari wa mifugo aje bandani ukiona manyoya yanakatika au kuota meupe sehemu iliyokuwa na rangi huku kuku akijikuna, ukiona vifaranga wengi wenye miguu au midomo iliyopinda, au ukipasua mayai ambayo hayakuangua ukakuta mengi yana kifaranga aliyekamilika ndani. Hilo la mwisho linaweza kuwa undugu, linaweza kuwa unyevu wa mashine, na tofauti yake huonekana kwa kuyatazama mayai yenyewe mkononi. Nenda naye ukiwa na daftari. Na huyo jogoo mweusi atakapofika, mtenge mbali na wengine siku 30, apate chanjo ya kideri kama hana kumbukumbu ya kuchanjwa, umkague chini ya mabawa na kuzunguka mkundu kama ana utitiri, ndipo umfungulie mlango kwa matetea wa madoa.